Sura ya Saba: Kinga ya Mla Matumbawe

Mchome kiti cha pweza aliye hai kwa sindano nyembamba karibu na ncha ya mkono, kisha vuta taratibu. Bomba halitajaa damu. Yatakayoingia ni maji maangavu, karibu hayana rangi, na ukiyaweka kando ya maji ya bahari hutajua yapi ni yapi. Hata chumvi yake inakaribiana sana na ya bahari. Yamimine kwenye kioo, usubiri dakika chache. Mle ulimodhani hamna kitu vitaanza kuonekana vidoadoa vyeupe, vitasogeleana, vitashikana, na mwishowe vitakuwa mabonge madogo yanayoning'inia ndani ya maji. Mabonge hayo ni seli, na kila moja ni kiumbe hai kilichokuwa kikiogelea ndani ya mwili wa mnyama yule muda mfupi uliopita. Zimetolewa nyumbani kwao, nazo zimefanya jambo ambalo zingelifanya mahali popote penye jeraha: zimekusanyika.

Mnyama huyu hana damu wala moyo wa kuisukuma. Hana uboho wa mifupa, hana wengu, hana tezi za limfu. Mambo mengi yanayofanywa na viungo hivyo ndani ya mwili wa mwanadamu, kwake yanafanywa na maji hayo na seli zilizomo. Wanasayansi huziita selomosaiti, yaani seli za uwazi wa mwili. Sura hii inazihusu seli hizo, na hasa zile za aina moja ya kiti cha pweza aliyewatia hofu walinzi wa bahari kuanzia Australia hadi Zanzibar.

Mnyama mwenyewe

Jina lake la kisayansi ni Acanthaster. Wengi hudhani kiti cha pweza lazima awe na mikono mitano, lakini huyu anaweza kuwa na hadi 21. Mgongo wake wote umejaa miiba mirefu yenye sumu. Mwiba ukimwingia mtu mguuni maumivu hudumu kwa saa nyingi, pengine pamoja na uvimbe na kutapika. Aliyekomaa wa jamii hii huwa na upana wa sentimita 25 hadi 35, na wachache huzidi hapo sana.

Chakula chake ni matumbawe, na namna anavyokula ni ya ajabu. Hupanda juu ya tumbawe kwa mamia ya vijiguu vyake laini, akalitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, akalitandaza juu ya tumbawe na kummeng'enya papo hapo yule mnyama mdogo anayelijenga. Akishamaliza hurudisha tumbo ndani na kuondoka. Nyuma yake hubaki doa jeupe la chokaa tupu, ambalo baada ya siku chache hufunikwa na mwani. Mmoja anaweza kumaliza hadi mita 10 za mraba za matumbawe kwa mwaka.

Akiwa peke yake si balaa. Katika mwamba wenye afya huonekana mmoja mmoja, na kwa kuwa hupenda kula matumbawe yanayokua haraka, huyaachia nafasi yale yanayokua polepole. Balaa huja wanapozidi. Nchini Australia wataalamu huhesabu kuwa mlipuko umeanza pindi wanapofika takriban 15 kwa hekta moja, na mlipuko ukikolea hupatikana mamia na maelfu. Jike mmoja mkubwa hutoa mayai kwa makumi ya mamilioni katika msimu mmoja, kwa hiyo mwaka mmoja ambao viluwiluwi wengi wamenusurika unatosha kugeuza hesabu yote.

Mlipuko wa kwanza uliorekodiwa vizuri katika Mwamba Mkuu wa Matumbawe wa Australia ulionekana mwaka 1962 kwenye kisiwa cha Green, karibu na mji wa Cairns. Milipuko mingine imefuata kila baada ya miaka 15 hivi. Utafiti wa Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Australia, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa tangu 1985 mwamba huo ulikuwa umepoteza karibu nusu ya matumbawe yake hai. Vimbunga vilibeba asilimia 48 ya lawama, mla matumbawe asilimia 42, na asilimia 10 iliyobaki ilitokana na joto la bahari.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mla matumbawe huyu ni wa aina moja tu dunia nzima. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa mwaka 2008 ulibainisha kuwa kuna angalau makundi manne: moja la Bahari ya Pasifiki, moja la Bahari ya Shamu, moja la kaskazini mwa Bahari ya Hindi na moja la kusini. Aliye karibu nasi, katika pwani ya Afrika Mashariki, ni wa kundi hilo la kusini. Kwenye hifadhi ya matumbawe ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, walinzi wamekuwa wakiwaokota na kuwatoa majini kwa miaka mingi ili wasizidi.

Ndani ya maji yale

Turudi kwenye tone letu. Maji ya mwilini mwa kiti cha pweza hujaza nafasi iliyo kati ya ngozi ngumu ya nje na viungo vya ndani, kuanzia katikati ya mwili hadi ncha ya kila mkono. Hayasukumwi na moyo. Ukuta wa nafasi hiyo umepambwa kwa vinywele vidogo mno visivyoacha kupepea, na kupepea huko ndiko kunakoyazungusha maji. Humo hupita chakula kilichomeng'enywa, humo hupita taka, na humo hupita oksijeni inayoingia kupitia vinyama vyembamba vinavyochomoza mgongoni kati ya miiba. Ngozi ya vinyama hivyo ni nyembamba kiasi kwamba bahari na maji ya ndani hutenganishwa na tabaka chache tu za seli.

Seli zenyewe ni nyingi. Katika viti vya pweza waliochunguzwa, mililita moja ya maji ya mwilini huwa na seli kuanzia mamia ya maelfu hadi mamilioni. Zilizo nyingi zaidi ni za aina ya fagosaiti, maana yake seli zinazokula. Chini ya hadubini fagosaiti haina umbo moja. Ikiwa imetulia huwa na mapindo mapana yanayozunguka mwili wake kama petali za ua. Ikihisi jambo, mapindo hujikunja, na mahali pake huchomoza nyuzi ndefu nyembamba zinazopapasa huku na huku. Kwa nyuzi hizo seli hushikana na wenzake, hushika bakteria, hushika kipande cha uchafu. Mabadiliko hayo huchukua dakika tu, na ndiyo yaliyofanya vidoadoa vya kwenye kioo chetu viwe mabonge.

Kazi yake ya kwanza ni kumeza. Bakteria akiingia mwilini kupitia jeraha, fagosaiti humzunguka, humfunika kwa utando wake, humvuta ndani na kummeng'enya. Kazi ya pili ni kuzingira. Adui akiwa mkubwa kiasi kwamba seli moja haimwezi, seli nyingi hulundikana juu yake na kumfungia ndani ya ganda la miili yao. Kazi ya tatu ni kuziba. Mkono ukikatika, maji ya mwilini yangeweza kumwagika yote baharini, lakini misuli hujibana na seli huja kushikamana kwenye mdomo wa jeraha mpaka pafungwe. Majaribio kwa viti vya pweza waliokatwa ncha ya mkono yameonyesha kuwa idadi ya seli katika maji yao hupanda ndani ya saa chache. Baada ya hapo ndipo kazi ndefu ya kuotesha mkono mpya inapoanza.

Uchafu uliomezwa nao huenda wapi? Swali hili lilijibiwa mapema. Mwaka 1888 Mwingereza Herbert Durham alichapisha habari za majaribio ambamo aliingiza chembe za rangi isiyoyeyuka katika mwili wa kiti cha pweza. Seli zilizila chembe hizo zote, halafu, zikiwa zimeshiba rangi, zikasafiri hadi kwenye vile vinyama vyembamba vya mgongoni, zikapenya ngozi na kutoka nje baharini. Hazikurudi. Kila seli ilibeba taka yake, ikatoka nayo na kufa nje. Mnyama asiye na figo kama zetu husafishika kwa kutoa kafara seli zake.

Mwiba wa waridi

Durham hakuwa wa kwanza kuzitazama seli hizi. Miaka sita kabla yake, mwaka 1882, mwanabiolojia Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa viunga vya Kharkiv katika Ukraine ya leo, alikuwa amehamia na familia yake Messina, mji wa bandari kisiwani Sicily. Alikuwa ameacha kazi yake ya chuo kikuu huko Odesa, na chumba chake cha kazi kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga. Siku moja familia ilikwenda kwenye sarakasi kuwatazama nyani waliofunzwa. Yeye akabaki nyumbani na hadubini yake, akitazama viluwiluwi vya kiti cha pweza.

Viluwiluwi hivyo vina faida moja kubwa kwa mtafiti: vinapenya mwanga, kwa hiyo seli zilizomo huonekana zikitembea bila kuhitaji kumpasua mnyama. Metchnikoff alikuwa amezizoea seli hizo zikimeza chakula. Jioni ile likamjia wazo kwamba huenda zinameza ili kulinda, wala si kulisha peke yake. Kama ni hivyo, kitu kigeni kikitiwa ndani ya kiluwiluwi, seli zinapaswa kukikusanyikia. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya viluwiluwi vyake, akalala kwa shida. Asubuhi na mapema aliiona miiba ikiwa imezingirwa na seli pande zote.

Hapo ndipo elimu ya kinga inayotokana na seli ilipozaliwa. Wakati ule madaktari wengi waliamini kuwa seli nyeupe zinazojaa kwenye usaha wa binadamu ni njia ya kusambazia ugonjwa. Metchnikoff alisema kinyume chake, kwamba seli hizo ndizo zinazopigana. Alibishiwa kwa zaidi ya miaka 20. Wapinzani wake walishikilia kuwa kinga imo katika majimaji ya damu na wala haimo katika seli. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobeli ya tiba iligawanywa kati yake na Mjerumani Paul Ehrlich, mtetezi wa kinga ya majimaji. Kamati iliamua vizuri, kwa sababu wote wawili walikuwa sahihi kuhusu mwanadamu. Kuhusu kiti cha pweza, aliyekuwa karibu zaidi na ukweli ni Metchnikoff.

Kinga isiyo na kumbukumbu kama yetu

Mtoto akichanjwa surua, mwili wake hutengeneza kingamwili mahususi kwa kirusi cha surua na kuiweka kumbukumbu hiyo kwa miaka mingi. Kiti cha pweza hawezi hivyo. Hana kingamwili, hana limfosaiti zinazojifunza adui mmoja mmoja. Anachotegemea ni kinga ya kuzaliwa nayo: protini zilizo juu ya seli zake zinazotambua alama za jumla za vijidudu, kwa mfano ngozi ya bakteria au ukuta wa kuvu.

Tusiidharau kinga hiyo. Mwaka 2006 jenomu ya ukungu wa baharini, yule mwenye miiba anayeishi pwani ya California na ambaye ni ndugu wa kiti cha pweza, ilisomwa kwa mara ya kwanza. Ndani yake zilipatikana jeni 222 za kundi moja tu la protini za kutambua vijidudu. Mwanadamu anazo kama 10. Watafiti hawakutegemea hesabu ile. Jamii hii ya wanyama wa baharini imeishi miaka zaidi ya milioni 500 bila kingamwili hata moja, katika maji ambayo kila mililita ina bakteria na virusi kwa mamilioni. Anayedhani kinga yao ni duni ajiulize wamefikaje hapa.

Hata hivyo kinga hii ina sharti moja zito. Seli zinaishi katika maji, na maji hayo yako karibu sana na bahari kwa chumvi na kwa kemia. Mwanadamu ana figo na mapafu ya kuhakikisha kuwa uchachu wa damu yake haubadiliki. Kiti cha pweza hana chombo cha namna hiyo. Vitu vinavyoingia mwilini kwa kipimo kidogo, kama bakteria, uchafu au jeraha, seli huvimudu. Kitu kinachobadilisha maji yenyewe, seli hazina pa kukimbilia. Watu wanaowaua walaji matumbawe walihangaika kwa miaka mingi bila kujua kuwa jibu liko hapo.

Sindano

Njia ya kwanza ilikuwa kuwaokota. Katika visiwa vya Ryukyu, kusini mwa Japani, wavuvi na wapiga mbizi waliwatoa baharini zaidi ya milioni 10 kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na bado sehemu kubwa ya matumbawe ililiwa. Wengine walijaribu kuwakatakata palepale chini ya maji. Lakini mnyama ambaye kazi ya seli zake ni kuziba jeraha na ambaye huotesha mikono upya si mtu wa kutishwa na kisu.

Baadaye zikaja sindano. Salfeti ya shaba iliua, ila ni sumu kwa viumbe wengine pia. Ikafuata bisalfeti ya sodiamu, asidi isiyodumu baharini. Ubaya wake ulikuwa kwamba mpiga mbizi alilazimika kuchoma sindano nyingi, mkono kwa mkono, kuhakikisha dawa imeenea. Akiruka mikono kadhaa, mnyama huiacha mikono iliyooza ikadondoka na kuendelea kuishi. Kwa mtu mwenye hewa ya muda mfupi mgongoni, kumalizia sindano kumi na zaidi kwa mnyama mmoja ni kazi isiyoisha.

Mageuzi yalikuja kutoka Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, ambako Jairo Rivera-Posada na wenzake walikuwa wakichunguza bakteria wa jamii ya Vibrio katika mnyama huyu. Walipomdunga mchanganyiko unaotumika maabara kuoteshea bakteria hao, mnyama aliugua na kufa. Kilichotiliwa maanani zaidi ni kimoja kati ya viungo vya mchanganyiko ule: chumvi za nyongo ya ng'ombe. Dozi moja ya mililita 10, mahali pamoja, ilitosha. Ndani ya saa chache mnyama hulegea na kutoa ute, miiba yake hulala na kuanza kung'oka, vidonda hufunguka mgongoni, na kwa kawaida siku inayofuata amekufa.

Sababu iko katika kemia ya nyongo. Kazi ya nyongo tumboni mwa ng'ombe, na mwetu pia, ni kuvunja mafuta, vile sabuni inavyovunja mafuta ya sufuria. Utando unaozunguka kila seli umejengwa kwa mafuta. Chumvi za nyongo zikimwagwa ndani ya maji ya mwilini, husambaa kwa yaleyale mapigo ya vinywele yanayosambaza oksijeni na chakula, na seli zilizomo haziwezi kumeza kitu kinachozipasua. Wakati huohuo bakteria waliokuwa wakiishi kwa kiasi mwilini na kwenye ngozi huachiwa uwanja, huongezeka na kumalizia kazi. Mlinzi ameondolewa, na jirani mpole amegeuka mwizi.

Mwaka 2016 Rivera-Posada na Lisa Boström-Einarsson walitangaza kuwa hata siki ya jikoni hufanya kazi hiyo. Dozi isiyofikia mililita 30 iliwaua ndani ya saa 48, na samaki waliokula mizoga hawakudhurika katika majaribio. Siki haina siri nyingine zaidi ya uchachu wake. Mnyama asiyeweza kurekebisha uchachu wa maji yake ya ndani hawezi kuihimili. Ni ushindi mkubwa kwa nchi maskini, kwa sababu chumvi za nyongo hununuliwa kwa wauzaji maalumu, ila siki ipo kila duka.

Maji yaleyale, kilio kingine

Ng'ambo ya pili ya Pasifiki watu walikuwa na tatizo la kinyume. Kuanzia mwaka 2013 viti vya pweza wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini walianza kuyeyuka: mikono ilijikunja, ikakatika, mwili ukageuka ute. Aliyeumia zaidi ni kiti cha pweza mkubwa aitwaye Pycnopodia, mla maukungu, aliyepoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake. Bila yeye maukungu yaliongezeka na kufyeka misitu ya mwani mkubwa.

Chanzo kilitafutwa kwa zaidi ya miaka 10, na virusi vilishukiwa kisha vikaachwa. Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Kanada na Marekani walichapisha jibu: ni bakteria aitwaye Vibrio pectenicida. Walimpata walipoacha kutegemea nyama na ngozi, wakageukia maji ya mwilini. Katika maji ya wagonjwa bakteria huyo alijaa, na katika maji ya wazima hakuonekana. Walipomwotesha maabara na kumdunga kwa wanyama wenye afya, wakaugua kwa dalili zilezile.

Hapo pana onyo kwa wanaopenda njia za mkato. Kuna watu wamewahi kuwaza kumtafutia mla matumbawe bakteria wa kumwua na kumwachia baharini asambae mwenyewe. Yaliyompata Pycnopodia yanaonyesha jinsi ugonjwa wa jamii hii unavyoweza kwenda mbali: umegusa aina zaidi ya 20 za viti vya pweza, kutoka Mexico hadi Alaska. Bakteria hasomi orodha ya tunaowachukia. Siki inabaki ndani ya mnyama mmoja aliyechomwa, na uzuri wake ndio huo.

Lakini siki yenyewe haizuii mlipuko kuanza. Viluwiluwi hula mwani mdogo unaoelea, na mwani huo hustawi pale mbolea na matope ya mashamba yanapomiminika baharini. Konokono mkubwa Charonia tritonis, mmoja wa wachache wanaomla Acanthaster mzima, amevuliwa kupita kiasi kwa ajili ya kombe lake zuri. Ukichoma sindano huku mito ikimwaga mbolea na soko likinunua makombe, utachoma kila mwaka.

Kwa hiyo ukimwona Acanthaster mmoja kwenye mwamba, mwache. Ana haki ya kuwa hapo, na seli zake zimemlinda humo tangu kabla ya mwanadamu kuwapo. Ukiwaona wengi, usimkate hata mmoja na usimguse kwa mkono mtupu. Andika mahali na idadi, uwapelekee taarifa walinzi wa hifadhi au ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe. Na ukitembelea duka la vitu vya kumbukumbu ufukweni, kombe la Charonia liache rafuni.